Nyumba Isiyokula Msitu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, daftari zimefunguliwa, na mwalimu amekwisha kufuta ubao. Somo letu la leo ni habari ya kujenga nyumba. Sizungumzi na mafundi peke yao. Nazungumza na kila mtu mwenye kiwanja, au anayetarajia kupata kiwanja, mahali penye miti.

Miti yenyewe ninayoisema ni miombo. Nchi ya miombo ni kubwa. Ukitoka Tabora kwenda Katavi, au Rukwa, au Kigoma, unapita katika miombo. Ukienda Ruvuma na Lindi, ni miombo vilevile. Ukivuka mpaka utaikuta Zambia, Malawi, Msumbiji, kusini ya Kongo, mpaka Angola. Siwezi kuzungumza habari ya nchi hizo zote kwa kipindi kimoja, kwa hiyo nitachukua mfano wa Tabora. Ninyi mlio kwingine mtapima wenyewe jua lenu, mvua yenu na udongo wenu.

Sasa sikilizeni. Tuseme bwana mmoja na mkewe wamepewa na kijiji kiwanja cha ekari mbili, ukingoni mwa msitu. Wana watoto wanne. Wameuza mpunga na asali, na fedha wameziweka. Bwana asema, "Mama watoto, mwaka huu tutajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na bati juu." Mkewe afurahi, kisha auliza, "Na kuni za kuchomea tutapata wapi, baba?" Bwana ananyosha kidole kuelekea msituni. "Si hizo hapo!"

Swali la mama huyo ndilo somo letu. Maana katika msitu ule ule alioonyeshwa kwa kidole ndimo nyuki wao wanamopata maua ya kutengenezea asali, na asali ndiyo iliyolipia bati. Ndimo mnamotoka uyoga wakati wa mvua, dawa, na kuni za kupikia ugali wa leo na wa kesho.

Tuanze na tanuri. Kwa nyumba ya vyumba vitatu tuseme yatakiwa matofali 5,000. Matofali hayo yafyatuliwe, yaanikwe, yapangwe kuwa tanuri, kisha moto uwake chini yake usiku na mchana, siku kadhaa, bila kuzimika. Vijiti vya kuokota haviwezi kazi hiyo. Hutakiwa magogo mazito, na magogo mazito hupatikana kwa kukata miti mikubwa iliyo hai. Waulizeni wachoma matofali wa kijijini kwenu: tanuri la matofali 5,000 hula mikokoteni mingapi ya magogo? Hamtajibiwa mmoja wala miwili. Tena baada ya kazi yote hiyo, matofali ya pembeni hutoka mabichi, maana moto haukuyafikia, na ya katikati mengine hupinda kwa kuungua mno. Kuna msitu uliokwenda bure hapo.

Wengine watasema, "Basi turudie nyumba ya miti na udongo, kama ya wazee." Namheshimu asemaye hivyo, lakini simfuati moja kwa moja. Nyumba ya fito zilizochimbiwa ardhini huliwa na mchwa. Baada ya miaka michache nguzo zimeoza, ukuta umeinama, na mwenyewe arudi msituni kukata nyingine. Nyumba ikijengwa upya mara nne katika maisha ya mtu mmoja, miti yake ihesabuni mara nne.

Lakini wazee walijua na jambo jingine kubwa, nalo ni ukuta mnene wa udongo mtupu. Pale Kwihara, karibu na mji wa Tabora, lipo tembe alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa la kulala. Mwingie mchana wa Oktoba, mwezi ambao hapa kwetu ni wa joto kuliko yote, mtaona ubaridi wake. Ukuta mnene hupokea joto la jua polepole sana. Jua linapochwa, joto bado halijafika ndani. Linapofika ni usiku, na katika miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi, joto hilo la usiku ni kama blanketi la bure. Hakuna kuni wala umeme uliotumika. Ukuta peke yake umefanya kazi.

Basi nyumba ninayowashaurini ni ya udongo usiochomwa, iliyojengwa kwa namna ambayo mchwa na maji hawaiwezi. Namna zake ni mbili, mtachagua kwa kadiri ya fedha.

Namna ya kwanza ni matofali mabichi. Hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, yakaanikwa kivulini yakauke polepole yasipasuke, yakageuzwa, yakakaa wiki tatu au nne. Ukuta wake uwe na unene wa sentimita 30 au zaidi. Tena matofali haya huunganishwa kwa udongo uleule, si kwa saruji.

Namna ya pili ni matofali ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, ukatiwa maji kidogo, ukawekwa katika mashine, mtu akavuta mpini kwa nguvu, tofali likatoka gumu. Mashine ya mkono ya namna hii ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, nchi ya Colombia, katika miaka ya 1950, nayo imekwisha kuzunguka dunia. Hapa Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha watu wengi kufyatua matofali ya kufungamana. Haya yana matuta na mashimo, tofali la juu likakaa juu ya la chini na kushikana nalo, hata saruji ya kuunganishia ikawa ndogo sana. Kipimo cha mchanganyiko ni kama ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 10 au 12 za udongo, kwa kadiri udongo ulivyo. Tofali likitoka lisiachwe juani. Lifunikwe, limwagiwe maji kwa siku 7 asubuhi na jioni. Watu wengi huchoka siku ya tatu, kisha wakalaumu mashine.

Msidhani kwamba saruji haina dhambi. Kiwandani nayo huchomwa kwa moto mkali kupita wa tanuri lenu. Ndiyo maana nasema kidogo. Mwenye fedha chache asione haya kujenga kwa matofali mabichi. Ukuta wa udongo uliojengwa vema huzidi umri wa mjenzi wake.

Lakini udongo una adui, naye ni maji. Jua haliudhuru, mvua huudhuru. Mvua hupiga ukuta kutoka juu, tena huruka kutoka chini: tone likianguka ardhini hutimka na matope, likalowesha ukuta pale karibu na msingi, na hapo ndipo nyumba nyingi za udongo huanza kufa. Mmeona kuta zilizoliwa chini kama muhindi uliotafunwa na panya. Dawa yake ni msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi sentimita 40 au 50, na upenu wa paa uliotokeza mita 1 kuzunguka nyumba yote. Nimesema mita 1, wala si sentimita 30 kama fundi mwenye haraka apendavyo. Fundi atawaambia kuwa mnapoteza bati. Mwambieni aendelee.

Msingi huo wa mawe ni kinga ya mchwa pia. Mchwa hawapendi mwanga. Wakitaka kupanda hujenga kichochoro chao cha udongo ukutani. Wakiwa wamejificha ndani ya nguzo iliyochimbiwa ardhini hamwaoni, lakini wakipanda juu ya jiwe mtaiona njia yao, mkaifagia. Fundi akilaza kipande cha bati chembamba juu ya mawe kabla ya kuanza tofali la kwanza, kikatokeza kidogo na kuinamishwa chini, mchwa watapata taabu zaidi. Hata hivyo mtu atazame msingi wake kila mwezi. Na kile kichuguu kikubwa mnachokiona uani msikichukie, kwani udongo wake ukichanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa ni lipu nzuri ya ukuta. Juu yake pakeni chokaa nyeupe. Nyeupe hulirudisha jua.

Sasa tuingie katika jambo lisilogharimu hata senti moja, nalo ni kuilaza nyumba. Wengi huielekeza nyumba barabarani, wapita njia waone mlango. Barabara haileti ubaridi. Nyumba ielekezwe kwa jua.

Jua la asubuhi na jua la jioni huja chini chini, likaingia moja kwa moja dirishani na kupiga ukuta mzima. Upenu hauwezi kulizuia, hata uwe mrefu namna gani. Lakini jua la mchana huwa juu. Tabora iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana huelekea upande wa kaskazini, na upenu wa mita 1 hutupa kivuli cha karibu mita 1 na sentimita 80 juu ya ukuta wa kaskazini. Mwezi Desemba jua huelekea kusini, nalo liko juu zaidi, na kivuli chake ni kirefu zaidi. Kwa hiyo kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na huko ndiko wekeni madirisha, dirisha likitazamana na dirisha, upepo upite katikati. Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha kubwa. Upande huo pangeni stoo na bafu, vyumba ambavyo hakuna mtu wa kukaa humo jioni.

Kisha pandeni miembe upande huo wa magharibi. Kwa nini miembe, na msitu umejaa miti? Kwa sababu miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ikasimama mitupu kabla ya kuchipua yale majani mekundu tunayoyajua. Kivuli chake hukosekana katika siku zinazokihitaji. Mwembe haupukutishi majani yake yote kwa pamoja, na maembe ni faida juu ya faida. Watu waliopita njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji, walijua jambo hilo. Miembe mikubwa iko Tabora na Ujiji mpaka leo. Pandeni hatua 8 au 10 kutoka ukutani, ili mizizi isisumbue msingi na tawi lisianguke juu ya bati.

Miti mingine ya kiwanjani msiifyeke yote. Nimeona watu wakipewa kiwanja chenye miti mizuri, kazi yao ya kwanza ni kukifanya kiwe kama uwanja wa mpira, na kazi ya pili ni kulalamika habari ya joto. Kateni penye nyumba, uani, na njia. Mti mkavu ulio karibu na nyumba nao ukatwe, maana utaanguka siku ya upepo. Mninga usiukate kwa haraka. Mninga uliofikia kufaa mbao ulikuwa mche wakati babu yako alipokuwa kijana, na mwingine wa ukubwa huo wewe hutauona.

Tena kuna moto. Anayejenga ukingoni mwa msitu lazima afikiri habari ya moto kabla ya kufikiri habari ya rangi ya mlango. Kiangazi majani ni makavu, na upepo wa huku kwetu majira hayo hutoka zaidi mashariki. Moto wa msituni utakuja pamoja na upepo huo. Basi lisafisheni eneo la hatua 15 kuzunguka nyumba, libaki ardhi iliyofagiwa, bustani ya mboga, au majani mafupi. Na upande wa mashariki ongezeni hadi hatua 25. Mwezi Mei au Juni, majani yakiwa bado na ubichi, kijiji huweza kukubaliana kuchoma mapema ukanda mwembamba wa nje, watu wakiwapo na matawi ya kuzimia. Moto wa wakati huo hutambaa polepole. Moto wa Septemba hukimbia. Kazi hiyo isifanywe na mtu mmoja peke yake bila kuwaambia jirani na serikali ya kijiji.

Kwa ajili ya moto huo huo nawashauri paa la bati, ingawa paa la nyasi lina ubaridi mzuri. Cheche moja ikiangukia nyasi mwezi Septemba, nyumba imekwisha. Ubaya wa bati ni joto, nalo hupunguzwa kwa dari. Dari ya matete yaliyofumwa, au ya mikeka, hutosha. Kati ya dari na bati acheni matundu ya hewa pande zote mbili, mkayafunga kwa wavu ili mbu na popo wasiingie. Kenchi na pau zitoke katika miti ya kupandwa, kama mikaratusi na misindano, mkiweza kuipata. Mkihitaji mti wa msituni, nendeni kwanza serikali ya kijiji na kwa ofisa misitu, yule ambaye wazee walimwita Bwana Miti, mkapate kibali. Msitu wa kijiji una kanuni zake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na hasara ya faini ni kubwa kuliko bei ya pau.

Bati lina na faida nyingine ambayo wengi huiacha ikamwagika chini. Hapa kalamu mkononi, tufanye hesabu. Nyumba yetu ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Upenu ni mita 1 kila upande. Basi paa lafunika mita 10 kwa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Tabora hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Zidisheni 80 kwa 900. Mmepata 72,000. Tutoe sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kupotea. Zimebaki lita 57,600. Debe moja ni lita 20. Gawanyeni. Ni madebe 2,880 kwa mwaka, yaliyoanguka juu ya kichwa cha mama ambaye huenda kisimani na debe kichwani!

Hatuwezi kuyaweka yote, tangi lake lingekuwa kubwa kama nyumba yenyewe. Lakini tangi la lita 5,000 huchukua madebe 250. Familia inayotumia madebe 5 kwa siku itakaa siku 50 baada ya mvua kukatika, kabla ya kurudi kisimani. Fungeni mifereji ya bati, ile iitwayo gata, chini ya upenu. Mvua ya kwanza iachwe ipite, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe sawasawa, mbu wasizaliane humo na mtoto asitumbukie. Maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Nimezungumza sana habari ya kujenga, na huenda bwana mwenye nyumba afikiri kwamba amekwisha kuuokoa msitu. Bado. Tanuri hula mara moja. Jiko hula kila siku. Tuseme mama anatumia kilo 8 za kuni kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 2,920, karibu tani 3. Kwa miaka 20 ni zaidi ya tani 58. Kwa hiyo mwenye kuchora nyumba na aanze kuchora jikoni, na asichore peke yake. Amwulize apikaye.

Jiko liwe chumba chake, hatua chache magharibi ya nyumba, ili upepo wa mashariki uupeleke moshi mbali na vyumba vya kulala. Liwe na dirisha na tundu la kutokea moshi juu. Mafiga matatu hupoteza moto mwingi kuliko unaofika chunguni. Jiko banifu la udongo, lililozunguka chungu, lenye mdomo mdogo wa kuingizia kuni, huweka moto mahali pake. Tuseme linaokoa theluthi moja ya kuni. Hiyo ni karibu tani moja kwa mwaka, na safari nyingi za kwenda msituni ambazo mama na binti zake hawatazifanya. Kuni ziwe kavu, zimekaa chini ya upenu miezi kadhaa. Kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha, na moshi wake ndio unaoumiza macho na kifua cha mama na mtoto aliye mgongoni.

Na maharage. Maharage ndiyo yanayokula kuni kuliko chakula kingine. Yalowekeni usiku kucha, mkamwaga maji yale. Asubuhi yachemsheni kwa nguvu nusu saa katika maji mapya. Kisha chukueni kapu kubwa, lijazeni majani makavu au nguo kuukuu zilizoshindiliwa, lenye shimo la kutosha chungu. Wekeni chungu humo kikiwa bado chatokota na mfuniko wake, kifunikeni kwa mto mnene. Nendeni shambani. Baada ya saa nne yafunueni, yatokoseni tena kidogo, yako tayari. Baadhi yenu mnacheka. Jaribuni kwanza.

Mkaa sitausifu. Kwa tanuri la ardhini la kawaida, kilo 1 ya mkaa huweza kumaliza kilo 6 mpaka 10 za kuni. Mwenye uwezo wa kununua gesi au kupikia umeme na afanye hivyo; serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, nia ikiwa kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Lakini jiko la gesi halijafika kila mahali leo, na ugali lazima upikwe leo.

Kwa taa, paneli ndogo ya jua hutosha, na koroboi istaafu, hasa chini ya dari ya matete. Paneli ilazwe karibu bapa, imeinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iioshe vumbi. Isiwekwe chini ya mwembe.

Tumebakiwa na ekari moja na zaidi katika kiwanja cha yule bwana. Waulizeni Wasukuma habari ya ngitili. Ni kipande cha ardhi kinachofungwa, mifugo isiingie kwa wakati fulani, majani na miti ikarudi. Katika mkoa wa Shinyanga, ambako miti ilikuwa imekwisha mahali pengi, mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuitumia desturi hiyo ya wenyeji, na miti ikarudi katika maeneo mengi. Mti wa miombo una tabia njema: kisiki chake huchipua. Basi nusu ekari ya nyuma ifungwe. Msipande kitu. Chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyoka katika kila kisiki, mengine mkate kwa kuni. Baada ya miaka kadhaa mtakuwa mkikata matawi kwa zamu, upande huu mwaka huu, upande ule mwaka ujao, nanyi hamtavuka mpaka wa kiwanja chenu kwa kuni za kila siku.

Saa yangu yaniambia dakika zimekwisha, nasi tuna kazi ya nyumbani. Iandikeni.

Kila mmoja achimbe udongo wa kiwanjani kwake, chini ya ule mweusi wenye mizizi, shimo la kufika magotini. Auweke katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ifike theluthi moja, ajaze maji, atie chumvi kidogo, afunge, atikise kwa nguvu, kisha aiache isimame mpaka kesho yake bila kuisogeza. Mchanga utakaa chini, udongo laini utakaa juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Pimeni kila tabaka kwa rula, mkaandike sentimita zake. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu, na mfinyanzi upo lakini si mwingi, udongo huo wafaa kwa matofali. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka, ongezeni mchanga. Ukikosekana, tofali litabomoka mkononi.

Na kwa siku saba pimeni kuni za jikoni kila asubuhi kabla hazijawashwa, kwa mizani ya dukani mkiweza kuiazima. Mama aseme, baba aandike, au kinyume chake. Leteni darasani chupa zenu na karatasi zenu Jumatatu. Mwalimu atachora jedwali ubaoni, na katika kipindi kijacho tutaanza na hesabu hizo, kisha tutaeleza namna ya kujenga jiko banifu kwa udongo wa kichuguu, hatua kwa hatua. Kwaherini.